Pande Mbili za Chombo Kimoja: Kisa cha Mpiga Stick wa Kampala na Uchaguzi wa Amplifaya

Kisa hiki kinamhusu mpiga besi mmoja, mzaliwa wa Bukavu na mkazi wa Makindye jijini Kampala, ambaye baada ya miaka mingi ya kupiga gitaa la besi kanisani alipata kutoka kwa jamaa yake aliyeko Marekani chombo ambacho wanamuziki wengi wa mji huu hawajapata kukishika: Chapman Stick ya nyuzi kumi. Alinitafuta kwa kuwa kazi yangu ni mitambo ya sauti, na swali lake lilikuwa fupi. Fedha alizokuwa nazo zilitosha kununua mtambo mmoja mzuri au miwili dhaifu. Anunue upi, na aweke pedali zipi (vifaa vya mguuni vinavyobadilisha sauti) mbele yake? Nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa ukamilifu, kwa sababu karibu kila hatua ya uamuzi ilitegemea jambo ambalo wapigaji wengi hulipuuza wanapohamia kwenye chombo cha namna hii: sauti zake ni mbili tangu zinapozaliwa, na inafaa zibaki mbili mpaka zitakapofika hewani.

Chombo na mpigaji wake

Stick ilibuniwa na Emmett Chapman, mpiga gitaa wa California, ambaye mwaka 1969 aligundua namna ya kuiweka mikono yote miwili juu ya ubao wa nyuzi ikitokea pande zinazotazamana, vidole vikilala sambamba na freti (vipande vya chuma vinavyokata ubao), na kila noti ikitolewa kwa kuugonga uzi badala ya kuukwanyua. Kuanzia mwaka 1974 aliviuza vyombo alivyovitengeneza kwa ajili ya mbinu hiyo, na wengi walikuja kukifahamu chombo hicho kupitia mpiga besi Tony Levin, aliyekipiga katika bendi ya roki ya King Crimson ya mwaka 1981. Kwenye Stick ya nyuzi kumi, nyuzi tano ni za melodi, zikipandishwa kwa nafasi za nne (kila uzi ni noti ya nne juu ya mwenzake kwenye ngazi ya noti), na tano ni za besi, zikipandishwa kwa nafasi za tano, huku uzi mnene kuliko yote ukiwa katikati ya ubao. Kwa mpangilio wa nyuzi aliokuwa akiutumia huyu bwana, ambao ndio wa kawaida, uzi huo mnene hutoa C ya hezi 32.7 (mitetemo 32.7 kwa sekunde), yaani chini kabisa ya E ya gitaa la besi, ambayo ni hezi 41.2. Uzi wa chini kabisa wa melodi ni F♯ ya hezi 92.5, na juu melodi hupanda hadi kwenye eneo la noti za juu za gitaa la kawaida. Mtu mmoja, kwa hiyo, anabeba eneo la besi na la gitaa kwa wakati mmoja, na kila eneo lina pikapu yake ya sumaku (kifaa kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme) na waya wake hadi kwenye jeki ya stirio iliyo ubavuni.

Mwenyewe alikuwa na kazi za aina tatu. Jumapili alipiga katika ibada ya Kiswahili, kwenye kanisa la matofali lenye paa la mabati na mtambo mkubwa wa spika wa kudumu. Siku mbili za juma alipiga peke yake kwenye ukumbi wa hoteli moja upande wa Muyenga, mahali ambapo wageni hula na kuzungumza, na ambapo sauti ikipanda kidogo tu meneja hufika. Mara kwa mara aliitwa kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya harusi) na harusi, ambako hema husimamishwa uwanjani na umeme hutoka kwenye jenereta. Safari nyingi za kwenda kwenye kazi hizo alizifanya kwa bodaboda. Neno hili la mwisho nililiandika juu kabisa ya karatasi, kwa kuwa amplifaya yenye uzito wa kilo 35, hata ingekuwa na sauti ya kupendeza namna gani, ingebaki nyumbani.

Waya wa kwanza

Kabla ya amplifaya yoyote kulikuwa na kebo. Alikuwa akitumia kebo ya kawaida ya gitaa, ile ya mono, na alikuwa ameanza kuamini kwamba pikapu ya upande mmoja imekufa. Plagi ya mono ikiingia kwenye jeki ya stirio kama ya chombo hiki, shina lake la chuma huunganisha njia moja ya sauti na ethi (waya wa ardhini), na upande huo hunyamaza kabisa. Tulitengeneza kebo ya nyaya mbili yenye plagi ya stirio upande mmoja na plagi mbili za mono upande wa pili, na upande uliodhaniwa kufa ukasikika. Mpiga Stick yeyote anayesafiri anapaswa kuwa na kebo mbili za aina hii ndani ya mfuko, kwa kuwa hapa hazipatikani kila duka, na fundi wa ukumbini hatakuwa nayo.

Jambo la pili lilihusu pikapu zenyewe. Ni za sumaku, hazina betri, na pikapu za aina hiyo zinahitaji kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, omu milioni moja hivi. Zikichomekwa moja kwa moja kwenye mlango wa laini wa mikisa (mtambo wa kuchanganyia sauti), ambao mara nyingi una ukinzani wa omu elfu kumi tu, sauti za juu hupotea na melodi hugeuka kuwa kama inasikika kutoka chumba cha pili. Kwa hiyo kila upande ulihitaji ama kisanduku cha DI (kinachoiandaa sauti ya chombo ipokelewe vizuri na mikisa) chenye umeme wake, ama pedali ya kwanza ambayo mlango wake umekusudiwa kupokea gitaa.

Njia nne zilizokuwa mbele yetu

Njia ya kwanza ilikuwa amplifaya moja ya besi, pande zote mbili zikichanganywa ndani yake. Ni njia ya bei nafuu, na kwa mtu aliyezoea gitaa la besi ndiyo iliyomvuta zaidi. Tuliijaribu kwenye amplifaya ya kanisa. Besi ilikuwa nzuri. Melodi ilisikika lakini haikuwa na uhai, kwa kuwa spika ile haikuwa na tuita ya sauti za juu, na kila alipokata masafa ya chini ili besi isivume, nyuzi za chini za melodi nazo zilikonda. Kitasa kimoja cha toni kilikuwa kinatumikia mabwana wawili.

Njia ya pili ndiyo ambayo wapigaji wengi wa Stick huifuata tangu zamani: amplifaya ya besi kwa upande mmoja, ya gitaa kwa upande wa pili. Siidharau hata kidogo. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kupoteza nguvu kwa kasi juu ya hezi 5,000, na upungufu huo ndio unaolainisha mkwaruzo wa distoshoni na kuufanya uvumilike masikioni. Anayepiga roki kwa upande wa melodi atafurahi sana. Ila njia hii humaanisha mitambo miwili ya kubeba, soketi mbili, na matatizo ya ethi nitakayoyaeleza baadaye.

Amplifaya ya kinanda, iliyokuwa njia ya tatu, ina milango kadhaa na hutoa masafa yote bila upendeleo. Tuliiacha kwa sababu ya uzito tu.

Njia ya nne ilikuwa spika moja ya masafa yote yenye amplifaya ndani yake, ya aina itumikayo kwa matangazo na muziki wa ukumbini, pamoja na mikisa ndogo yenye angalau njia mbili. Kila upande wa chombo hupata njia yake, ekwalaiza yake na efekti zake, kisha zote hukutana mwishoni kabisa. Spika kama hiyo haina tabia yake yenyewe; hutoa kile inachopewa. Wapiga gitaa wengi huliona hilo kuwa kasoro, nami kwa chombo hiki naliona kuwa fadhila, kwa kuwa C ya hezi 32.7 na noti ya melodi iliyo oktavu tano juu yake haziwezi kutendewa haki na spika yenye tabia ya upande mmoja.

Swali la wati na la noti ya chini

Kama wanunuzi wengi, yeye naye alianza kwa kuuliza wati. Wati zikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji wa kawaida huitambua lakini haimshtui. Ili sauti ionekane masikioni kuwa kubwa mara mbili, nguvu inahitaji kuongezwa karibu mara kumi. Kuacha spika ya wati 200 kwa ajili ya spika ya wati 300 yenye uzito zaidi ni kujitesa bure.

Kinachostahili kuulizwa ni namna spika inavyoshuka. Ili noti ya chini kwa oktavu moja isikike kwa nguvu ileile, koni ya spika inapaswa kusafiri mara nne zaidi mbele na nyuma. C ya chini kabisa ya Stick, ikilinganishwa na C iliyo oktavu moja juu yake, inaidai koni mara nne ya safari ile. Spika nyingi za inchi 12 huanza kuishiwa nguvu karibu na hezi 50, na zikilazimishwa chini ya hapo, koni hutapatapa bila kutoa sauti ya maana, huku melodi inayopita kwenye koni hiyohiyo ikitikisika pamoja nayo. Hata hivyo sikio la binadamu lina uwezo wa ajabu. Likisikia hezi 65.4, 98.1 na 130.8 kwa pamoja, hujenga lenyewe noti ya hezi 32.7 iliyokosekana. Kwa sababu hiyo tulikata kwa makusudi kila kilicho chini ya hezi 35 upande wa besi, na tukapandisha kidogo eneo la hezi 65 hadi 130. C yake ilisikika wazi zaidi baada ya kukatwa kuliko ilivyokuwa kabla, na spika ikaacha kulalamika. Upande wa melodi tulikata kuanzia hezi 80 kushuka, chini kidogo ya F♯, ili vishindo vya vidole kwenye ubao visiingie kwenye mtambo.

Alichagua njia ya nne: spika ya inchi 12 ya masafa yote, nyepesi kiasi cha kufungwa nyuma ya bodaboda, na mikisa ndogo. Kanisani spika hiyo humtumikia yeye mwenyewe jukwaani, huku visanduku viwili vya DI vikipeleka pande mbili kwenye mtambo mkubwa. Alitaka fundi wa kanisa atupe besi kushoto kabisa na melodi kulia kabisa, kama anavyosikia kwenye visikilizio vyake nyumbani. Nilimsihi asifanye hivyo. Muumini aliyeketi karibu na spika ya kushoto angesikia nusu ya wimbo. Pande zote mbili ziliwekwa karibu na katikati, na utengano ukabaki kwenye toni na efekti.

Mvumo uliokuwa karibu na noti ya G

Wiki za mwanzo, kabla ya kununua, alikuwa akiazima amplifaya mbili, moja ya besi na moja ya gitaa, zikichomekwa kwenye soketi za kuta mbili tofauti. Mvumo ulikuwa mkubwa. Sababu yake inaeleweka: kila amplifaya ina waya wake wa ethi hadi ukutani, na ile kebo ya stirio inaziunganisha ethi hizo mara ya pili kupitia chombo chenyewe, hivyo kunatokea duara la waya ambamo mkondo mdogo wa umeme huzunguka na kusikika. Kwa Uganda umeme wa majumbani ni volti 240 na hezi 50. G ya chini ya Stick, uzi unaofuata ile C ya katikati, ni hezi 49.0. Kwa hiyo kila alipoishikilia G hiyo ilisikika ikiyumba, ikipanda na kushuka mara moja kwa sekunde, na G ya oktavu inayofuata, hezi 98.0, iliyumba mara mbili kwa sekunde dhidi ya mvumo wa hezi 100. Alikuwa amekaza na kulegeza uzi huo mara nyingi akidhani umepoteza sauti yake. Ulikuwa sawa kabisa. Anayepiga Marekani, kwenye umeme wa hezi 60, hukutana na jirani mwingine, kwa kuwa hezi 60 zimekaribia B.

Tiba ilikuwa kuchomeka kila kitu kwenye mkanda mmoja wa soketi, na kwa upande mmoja kutumia kisanduku cha DI chenye transfoma ndani, ambacho hupitisha sauti bila kuunganisha ethi. Wapo mafundi wanaolimaliza tatizo hili kwa kukata waya wa ethi ndani ya plagi ya pini tatu. Nalisema hili kwa uzito wote: mpiga Stick ameshika chuma kwa mikono miwili, na kama anaimba, midomo yake inagusa maikrofoni. Amplifaya isiyo na ethi ikipata hitilafu, njia ya umeme itakuwa mwili wake.

Kwenye mahema kuna jenereta, na volti hupanda na kushuka kila mashine ya chakula inapowashwa. Tulinunua stabilaiza, na pedali zake zote zikahamishiwa kwenye betri ya kuchaji yenye milango iliyotengwa ya volti 9. Umeme ukikatika, anazima spika kwa mkono na kusubiri dakika kadhaa baada ya kurejea kabla ya kuiwasha. Vifaa vilivyonunuliwa Marekani kwa volti 120 havichomekwi ukutani bila transfoma ya kushusha, na kwa chochote kizito ninapendelea kununua cha volti 240 tangu mwanzo.

Efekti

Noti inayogongwa ina umbo tofauti na inayokwanyuliwa. Huanza kwa kishindo kikali cha kidole na freti, kisha hushuka mara moja. Kwa hiyo pedali ya kwanza kwa kila upande ilikuwa kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), na kila upande una yake, jambo ambalo sikukubali lijadiliwe. Kompresa moja kwa pande zote mbili hutii besi: kila C nene inapogongwa, melodi huzama, kisha huibuka kama mtu anayevuta pumzi. Upande wa besi tuliweka uwiano wa nne kwa moja na kuichelewesha kompresa milisekunde 25 hivi ili kishindo cha mwanzo kipite. Melodi ikapewa uwiano wa mbili kwa moja.

Distoshoni ndiyo iliyotuchukulia muda, na hapa utengano wa pande mbili hudhihirika kuliko mahali pengine popote. Noti mbili zikiingia pamoja kwenye distoshoni, mtambo huzalisha noti za ziada ambazo hakuna aliyezipiga, mojawapo ikiwa tofauti ya masafa ya hizo mbili. Piga A ya hezi 220 na E ya hezi 329.6: tofauti ni hezi 109.6, ambayo ni A nyingine, oktavu moja chini, na akordi inanenepa vizuri. Piga A ileile na C♯ ya hezi 277.2: tofauti ni hezi 57.2, noti iliyo kati ya A na A♯, isiyo na makao kwenye wimbo, tena imeangukia palepale mkono wa besi unapofanya kazi. Kama besi nayo ingekuwa imepita kwenye pedali hiyohiyo, noti za uongo zingezaana kwa kila jozi ya noti. Hivyo distoshoni iko upande wa melodi pekee, huwashwa anapopiga mstari wa noti mojamoja au nafasi za tano, na hufuatiwa na kifaa kinachoiga spika ya gitaa, kwa kuwa spika ya masafa yote ingeutoa mkwaruzo wote bila huruma. Kifaa hicho kidogo ndicho kilichochukua nafasi ya amplifaya ya gitaa.

Tuligundua pia kwamba kelele nyingi alizozilaumu kwa pedali zilitoka kwenye chombo. Mwanzoni mwa ubao wa Stick kuna kizuizi kinachozima mtetemo wa nyuzi zisizobonyezwa, na cha kwake kilikuwa kimechakaa. Kompresa na distoshoni zilikuwa zikikuza mnong'ono wa nyuzi hizo. Kilipobadilishwa, hakuhitaji tena pedali ya kuziba kelele.

Dilei aliitumia kwa namna ambayo ningependa wapigaji wengine wa hapa waifikirie. Kwenye amadinda ya Buganda, wapigaji wawili, omunazi na omwawuzi, huketi wakitazamana kwenye marimba moja yenye mbao 12, kila mmoja akipiga mstari wake kwa mwendo ulio sawa, noti za mmoja zikiangukia katikati ya noti za mwenzake, hata msikilizaji akasikia mstari wa tatu ambao hakuna anayeupiga. Yeye anapiga melodi yenye noti moja kwa kila pigo, mapigo 120 kwa dakika, yaani milisekunde 500 kwa pigo, na dilei inarudia mara moja tu baada ya milisekunde 250 kwa nguvu karibu sawa na ya noti ya kwanza. Mkono wa besi unabaki mkavu. Anapoingia kwenye sebene, ambako vidole vyenyewe vinajaza kila nafasi, anaizima.

Riverbu, yaani mwangwi wa ukumbi, hutumika hotelini na kwenye hema, kwa melodi peke yake. Kanisani paa la mabati linatosha.

Hali ilivyo sasa

Hotelini na kanisani mtambo huu unakidhi haja bila upungufu ninaoweza kuutaja. Kwenye mahema besi bado ni nyembamba, kwa kuwa hakuna kuta za kuirudisha, na hapo ameamua kuongeza amplifaya ndogo ya besi ya kisasa isiyozidi kilo chache, pamoja na kabati la inchi 15 ambalo atalikodi mahali alipoitwa badala ya kulibeba. Mikisa yake ina njia ya pembeni ya kutoa besi peke yake, kwa hiyo hakuna kitakachobadilika kwenye pedali wala kwenye spika ya melodi. Kisanduku cha DI chenye transfoma kitasimama kati ya mikisa na amplifaya hiyo kila mara, hata pale ambapo mvumo hausikiki wakati wa majaribio, kwa kuwa jenereta ikibadilishwa katikati ya sherehe hakutakuwa na nafasi ya kutafuta kosa.

Amplifaya ya gitaa hajanunua. Kwa nyimbo anazopiga sasa sioni sababu ya kuinunua, na kama siku moja ataanzisha bendi ambayo melodi yake inahitaji mkwaruzo kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, basi nitamshauri aikodi kwa mwezi mmoja kabla ya kutoa fedha.